Frontendi kwa tunaoanza Arusha na Moshi: visanduku vitatu vilivyoninyima kazi, na ukurasa mmoja ulionipa

Chalii wa Sakina (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Nimekuwa msomaji tu humu muda mrefu, leo naandika maana kila wiki napata meseji za madogo wa Arusha na Moshi wanauliza "kaka nianzie wapi frontendi nipate kazi" na kumjibu mmoja mmoja nimeshindwa. Frontendi ni ile sehemu ya tovuti ambayo mtu anaiona na kuibonyeza. Uzi ni mrefu, mwenye haraka asome nusu arudi kesho.

Mi nilimaliza chuo 2022, kozi yangu haikuwa ya kompyuta kabisa, nikarudi nyumbani Sakina nikakaa. Mjomba akanipa laptop yake ya zamani, RAM 4, betri imekufa, umeme ukikatika na yenyewe inazima hapohapo. Nikaanza kuangalia video za kutengeneza tovuti na nikaangalia miezi nane. Video ikiisha najiambia HTML (lugha ya yaliyomo kwenye ukurasa) nimemaliza, CSS (ya mwonekano) nimemaliza, JavaScript (ya kufanya ukurasa utende) nikaipa wiki mbili tu halafu nikarukia React (maktaba ya JavaScript) kwa sababu kila tangazo la kazi nililokuwa naliona limeandikwa React. Nikatengeneza mfano wa Netflix, nikatengeneza mfano wa duka la mtandaoni, vyote kwa kumfuata mtu kwenye video, akiandika naandika, akisimama nasimama.

Nikaja kuitwa intavyu ofisi moja maeneo ya Njiro. Wakanipa picha ya ukurasa mmoja wa safari, juu kuna menyu, chini yake visanduku vitatu, kila kimoja na picha, jina la mbuga, bei na kitufe. Kwenye kompyuta vikae mstari mmoja, kwenye simu vishuke kimoja chini ya kingine na menyu ifunguke kwa kubonyeza. Saa tatu, bila video. Nikasema moyoni hii ni rahisi sana.

Wakuu, nilikaa saa tatu nzima na kisanduku cha tatu kinashuka chini. Nimegawa upana kila kimoja asilimia 33, hesabu inakubali, lakini cha tatu hakikai na wenzake. Nikapunguza picha, nikafuta nikaandika upya, nikaweka nafasi, nikatoa nafasi, wapi. Menyu sikuifikia kabisa. Yule dada aliyekuwa anasimamia akaja akaangalia, akaniuliza taratibu, "kaka, upana wa boksi unahesabiwaje kwenye CSS?" Nikakaa kimya. Miezi nane na sijawahi kujiuliza swali hilo.

Jibu nalitoa hapa ili asiwepo mwingine wa kukaa kimya kama mimi. Kawaida ukiandika upana 300px, kivinjari kinahesabu hiyo ni ya yaliyomo ndani tu. Ukiongeza padding (nafasi ya ndani kati ya yaliyomo na mpaka) ya 20 kila upande na mpaka wa 1 kila upande, boksi lako kwenye skrini ni 342. Sasa vyangu vilikuwa vitatu vya asilimia 33 kila kimoja na padding juu yake, jumla imepita 100, cha tatu kitakaa wapi? Dawa yake ni mstari mmoja, box-sizing: border-box, hapo padding na mpaka vinahesabiwa ndani ya upana ulioutaja. Na hata hivyo siku hizi mistari ya namna ile tunaipanga kwa flexbox au grid (njia za CSS za kupanga maboksi), asilimia za kubahatisha hazina kazi.

Nilipanda kifodi kurudi nyumbani nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa kwa sababu niligundua hakuna kitu hata kimoja nimewahi kukianzisha mwenyewe kwenye ukurasa mtupu.

---

Chalii wa Sakina (mleta uzi)

Naendelea. Nikajiwekea utaratibu mpya. Kila asubuhi kabla sijashika simu nafungua faili tupu, nachagua kitu kimoja nilichokiona mtaani kwa macho yangu, nakitengeneza bila video. Nikaanza na ubao wa bei wa mama ntilie wa Kilombero. Kesho yake kadi ya mchango wa harusi. Siku nyingine ratiba ya mabasi, hiyo ilinifundisha jedwali na ikanitesa siku mbili maana jedwali kwenye simu nyembamba linatoka nje ya skrini. Nikikwama naruhusiwa kusoma MDN, ni maandishi ya bure ya Mozilla na yanaeleza kila kitu cha HTML, CSS na JavaScript. Video hapana mpaka jioni.

Mambo yaliyobadilika ndani ya wiki sita za kwanza:

HTML niliyoidharau ndo ikanipa heshima. Zamani kila kitu kwangu kilikuwa div, yaani boksi tupu lisilosema ni kitu gani. Nikajifunza kwamba kichwa cha ukurasa kina tagi (alama ya HTML) yake, menyu ina yake, kitufe ni button, kwenye fomu kila sehemu ya kujaza ina label yake, maandishi yanayoitaja. Mtu asiyeona anatumia programu inayomsomea skrini, na programu hiyo inafuata tagi hizo. Ukiweka div ukaipaka rangi ya kitufe, kwake pale hapana kitufe. Mi nina shangazi ambaye macho yake yamefifia, siku nilipowasha kisomaji cha skrini cha Android nikamuona anahangaika na ukurasa wangu, nikarudi kuandika upya kurasa zangu zote.

Halafu kuna tagi ya viewport, inayoiambia simu ichore ukurasa kwa upana gani. Ukiisahau, simu inadhani ukurasa wako ni wa kompyuta, inauchora kwa upana wa pikseli kama 980 kisha inauminya wote uenee, maandishi yanakuwa kama sisimizi. Nilipoteza siku nzima nikidhani media query zangu (sheria za CSS zinazofuata upana wa skrini) ni mbovu kumbe ni hiyo tagi moja haipo kule juu.

JavaScript nayo nikarudi kuianza upya. Hii ilitengenezwa na Brendan Eich pale Netscape mwaka 1995 kwa siku kama 10 tu, na baadhi ya tabia zake za tangu mwanzo zimebaki kwa sababu ukizibadilisha leo unavunja tovuti za zamani dunia nzima. Mojawapo ilinikuta kwenye fomu ya kuhesabu wageni. Watu wazima 2, watoto 3, jumla ikaja 23. Nikapiga kelele chumbani. Kumbe kinachotoka kwenye sehemu ya kujaza ni maandishi hata kama mtu ameandika tarakimu, na alama ya kujumlisha ikikuta maandishi inayaunganisha. Ukiyapitisha kwenye Number() kwanza yawe namba, unapata 5. Ukisimuliwa kwenye video unaitikia kwa kichwa unasahau, ikikupata usiku fomu yako inamwambia mtu ana wageni 23, huisahau tena.

---

Mkazi wa Kijenge

Mkuu shukrani, uzi umenigusa. Ila swali, unasema tuache React? Matangazo yote yanataka React, sasa mtu akikomaa na HTML si ataachwa?

---

Chalii wa Sakina (mleta uzi)

Hapana mkuu, sijasema iachwe. React naitumia kazini hivi sasa ninavyoandika. Ila hiyo Facebook waliitoa hadharani 2013, kabla yake kulikuwa na jQuery ya 2006 iliyokuwa kila mahali, na kuna Vue ya 2014, na zitakuja nyingine. Chini ya zote ni JavaScript ileile na HTML ileile. Mimi nilivyoanza React bila kujua map na filter za array (za kugeuza na kuchuja vitu kwenye orodha), kila kosa nilikuwa naliita kosa la React, kumbe ni JavaScript sijaielewa. Niliporudi baadaye kwa mara ya pili wiki tatu zilinitosha kutengeneza kitu changu.

Kipimo changu mimi ni hiki: kama unaweza kuandika menyu inayofunguka na kufunga, fomu inayokagua namba ya simu, na orodha inayochuja vitu kwa kubonyeza, vyote kwa JavaScript tupu bila kunakili, nenda React hata kesho. Kama bado, ngoja kidogo.

---

Binti wa Pasua

Habari zenu kaka zangu. Mimi niko Moshi, najifunza mwezi wa nne sasa. Shida yangu ni bando, video zinamaliza kila kitu, na laptop naazima kwa kaka yangu jumamosi na jumapili tu. Je inawezekana kweli au najidanganya? Na naogopa kuonyesha kazi zangu maana ni ndogo ndogo, nimetengeneza ukurasa wa mama, anauza mitumba pale soko la Memorial.

---

Chalii wa Sakina (mleta uzi)

Dada yangu inawezekana, na hiyo ya bando ni shida ya wengi humu wanaona aibu kuisema.

Kuandika HTML, CSS na JavaScript hakuhitaji intaneti kabisa. Unafungua faili kwenye kivinjari moja kwa moja na inafanya kazi. VS Code, programu ya kuandikia kodi, ukishaipakua mara moja inaandika bila bando. Masomo tafuta ya maandishi, freeCodeCamp na The Odin Project yote ni ya bure na asilimia kubwa ni kusoma na kufanya, saa nzima ya kusoma inakula bando kidogo sana ukilinganisha na video ya dakika kumi. Siku za katikati ya wiki ambazo huna laptop, kwenye Android kuna programu ya kuandikia kodi inaitwa Acode, kidole kinachoka lakini mazoezi ya CSS yanaenda. Na usidharau daftari. Mi nilikuwa nachora ukurasa kwenye daftari, boksi hili ndani ya boksi lile, umeme ukirudi najua naandika nini.

Ukurasa wa mama yako ndo kazi nzuri kuliko mfano wowote wa Netflix, maana una mteja wa kweli anayeuliza maswali ya kweli. Uweke GitHub Pages, huduma ya kuweka tovuti mtandaoni, ni bure, halafu tuwekee linki hapa tuuone.

---

Mzee wa Utalii

Vijana salaam. Mimi nina kampuni ndogo ya utalii hapa mjini, magari manne, nimeajiri vijana wa tovuti mara tatu. Nimeletewa uzi huu na binti yangu, niseme ninachokiangalia mimi.

Sisomi vyeti sana. Nafungua linki ya kijana kwenye simu yangu, nikiwa nje, sitafuti WiFi. Isipofunguka upesi nakuwa nimeshapata jibu. Wageni wangu wako Ujerumani, Marekani, Uholanzi, na mgeni akikaa anasubiri picha ya tembo ifunguke anahamia kampuni ya jirani, mimi nimeshapoteza watu wanne wa siku saba. Kijana wa kwanza aliniwekea picha kama zilivyotoka kwenye kamera, moja MB 6, ukurasa wa mbele una picha kumi na mbili. Fanyeni hesabu wenyewe.

La pili naangalia kama ameelewa biashara. Mtu ananiletea ukurasa wa kupanda Kilimanjaro, ameandika njia ya Machame watu wanalala kwenye vibanda. Vibanda viko Marangu, Machame wanalala kwenye mahema. Mgeni aliyesoma akiona kosa hilo ananiona mimi tapeli, hamuoni aliyetengeneza tovuti.

La tatu, njooni kwa wakati. Mkija mwezi wa saba au wa nane nani awasikilize, tuko porini. Njooni mwezi wa nne na wa tano, masika, magari yapo gereji na sisi tupo ofisini tunawaza msimu wa mwezi wa sita. Hapo hata chai tutakunywa.

---

Chalii wa Sakina (mleta uzi)

Shikamoo mzee, na asante sana, umesema vitu ambavyo hakuna kozi inafundisha.

Kwenye picha niongezee kwa wenzangu. Picha ya kamera inaweza kuwa na upana wa pikseli 6000. Skrini ya simu nyingi kwa hesabu ya CSS ni kama 360 hadi 412. Hata ukizidisha mara tatu kwa ajili ya skrini kali, kama 1200 hivi inatosha. Mi napunguza upana kwanza halafu nageuza kuwa WebP (aina ya faili la picha iliyo nyepesi) kwa kutumia Squoosh, ni ya Google na inafanya kazi ndani ya kivinjari, picha ya MB 6 nimewahi kuishusha mpaka KB 150 na mwenye picha hakuona tofauti kwenye simu. Picha za chini weka loading="lazy" zisipakuliwe mpaka mtu ashuke, na andika width na height ili maandishi yasiruke ruke picha ikifika. Kisha kwenye Chrome fungua vifaa vya developa, sehemu ya Network, chagua mtandao wa polepole, uangalie tovuti yako kama anavyoiona mtu aliyeko Karatu njiani.

Na hii ya kujua biashara ndo ilinipa kazi mimi, niliahidi kuisimulia. Jirani yetu ni muongoza watalii mlimani, alianza kama mpagazi. Nikamwomba nimtengenezee ukurasa, sio bure kabisa, tulikubaliana analipia domeini (jina la tovuti) na imesajiliwa kwa jina lake mwenyewe (hili shikeni sana, domeini ya mteja iwe ya mteja, nimeona watu wamegombana miaka kwa sababu fundi aliisajili kwa jina lake). Tulikaa jioni tatu barazani kwake ananieleza, njia ya Marangu siku 5 au 6, Machame 6 au 7, Lemosho 7 au 8, nani anafaa wapi, kwa nini siku nyingi zinamsaidia mtu kufika kilele cha Uhuru, mita 5,895, kwa sababu mwili unazoea hewa. Nikatengeneza ukurasa mmoja. Mgeni anachagua ana siku ngapi, zinabaki njia zinazomfaa, chini kuna kitufe cha WhatsApp ambacho meseji yake imeshaandikwa njia na idadi ya siku alizochagua. Kiufundi ni filter moja ya array na linki ya wa.me inayofungua WhatsApp, hakuna React, hakuna seva.

Yeye akawa anawatumia wageni ile linki. Mwenye ofisi mmoja wa hapa mjini akaiona kwa mgeni, akauliza nani ameitengeneza. Nikaitwa. Hawakunipa mtihani, walifungua ule ukurasa kwenye simu, wakaniambia nieleze mstari kwa mstari, kwa nini hiki kiko hapa, ungebadilisha nini. Nikaeleza saa nzima, kwa sababu kila mstari niliuandika mwenyewe na mingine niliiandika mara nne. Wakanipa miezi mitatu ya majaribio, sasa naingia mwaka wa pili.

---

Mpita Njia wa Majengo

Mkuu yote sawa lakini tuseme ukweli, akili bandia inaandika huo ukurasa wako kwa dakika moja. Mnawapotezea madogo muda, soko la kuanzia limekufa.

---

Chalii wa Sakina (mleta uzi)

Mkuu hoja yako naiheshimu, na sitamdanganya mtu kwamba soko ni jepesi. Mimi mwenyewe naitumia kila siku. Lakini nikwambie ninachokiona kazini. Inaandika haraka, na inachoandika lazima mtu akisome akijue. Mwezi uliopita ilinipa fomu nzuri kabisa kwa macho, kumbe haina label hata moja na kitufe chake ni div. Mtu asiyejua tofauti angeipeleka hivyohivyo. Na haikukaa barazani na jirani yangu jioni tatu. Kwa anayeanza nashauri aitumie kama mwalimu wa zamu, aandike kwanza mwenyewe, akikwama aulize "kwa nini hiki hakifanyi kazi" kuliko "niandikie". Siku ya intavyu wanakuuliza wewe.

Na la mwisho kwenye soko, kazi nyingi ndogo za hapa Arusha ni WordPress (mfumo wa kutengeneza tovuti kwa templeti zilizo tayari), hoteli, shule, mashirika. Msione ni ya kudharau. Ukijua CSS vizuri unakuwa yule mtu anayeitwa templeti ikigoma, na inagoma sana.

---

Binti wa Pasua

Kaka nimeweka linki. Ila nina shida mbili, kwenye laptop ya kaka picha zote zinaonekana, nikipandisha GitHub mbili hazionekani kabisa. Na menyu haifunguki, nimeangalia mpaka macho yanauma.

---

Chalii wa Sakina (mleta uzi)

Nimeifungua kwenye simu. Kwanza hongera, mpangilio wa bei na saizi uko wazi, na rangi ya maandishi inasomeka juani, nimetoka nje kuhakikisha.

Picha: faili zako zinaitwa Gauni.JPG na Koti.JPG, kwenye kodi umeandika gauni.jpg na koti.jpg. Windows haijali herufi kubwa na ndogo, seva ya GitHub inajali. Badili majina yote yawe herufi ndogo.

Menyu: faili lako la JavaScript umeliita juu kwenye head (sehemu ya mwanzo ya faili la HTML), linasomwa kabla kitufe hakijakuwepo kwenye ukurasa, ndo maana konsoli (sehemu ya kivinjari inayoonyesha makosa) inalalamika kuhusu null, yaani kitu kilichotafutwa hakipo. Ongeza neno defer kwenye tagi ya script, litasubiri ukurasa usomwe wote kwanza. Konsoli unaifungua kwa F12, iwe wazi muda wote unapoandika.

---

Binti wa Pasua

Menyu imefunguka!! Picha moja imekubali, ya koti bado.

---

Chalii wa Sakina (mleta uzi)

Angalia mwisho wa jina, umebaki na nafasi kati ya koti na nukta.

---

Mzee wa Utalii

Binti, mama yako anayo koti la baridi saizi kubwa? Wageni wangu wawili wanapanda jumatatu na mizigo yao imepotelea njiani. Nimebonyeza kitufe chako cha WhatsApp, namba imekosa 255 mbele.

---

Binti wa Pasua

Shikamoo mzee. Nimeweka 255 sasa hivi, naomba bonyeza tena. Makoti yapo, mama anakupigia picha.